Shangazi, ubao umejaa kazi na hakuna inayokwisha

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa barua ndefu, ila jambo hili limenikaa rohoni na pale ofisini sina wa kumwambia. Mimi ni programa, niko Dar, ofisi yetu ipo Kijitonyama. Tunatengeneza mfumo wa SACCOS: wanachama waweke akiba, wakope na warejeshe mikopo kwa simu. Wateja wako Mwanza, Moshi, Mbeya na hapa hapa mjini. Timu yetu ni ya watu saba: maprograma wanne (mmoja anakaa Arusha, anaingia kwa mtandao), mchora skrini, kijana mmoja wa majaribio, na mmiliki wa bidhaa, yaani anayeamua kazi ipi itangulie, ambaye zamani alikuwa mhasibu.

Mwaka jana Mkurugenzi alirudi kutoka semina akatutangazia kwamba kuanzia Jumatatu sisi ni timu ya ajaili (agile), yaani kutengeneza programu kipande kwa kipande na kumwonyesha mteja mapema. Tukalipiwa Jira, programu ya kufuatilia kazi, ukutani ukapigwa ubao mweupe, Skramu (Scrum), utaratibu mmojawapo wa ajaili, ikaanza. Sprinti, yaani vipindi vya kazi vya wiki mbili mbili, kikao kila asubuhi saa tatu, kikao cha kupanga, cha kuonyesha kazi na cha kujitathmini. Kusema kweli nilifurahi. Kule nilikotoka tulikuwa tunakabidhiwa waraka mnene kama kitabu, mwaka unakatika, halafu mteja anasema sicho alichoomba.

Sasa sikia ilivyo. Kikao cha asubuhi kiliambiwa ni cha dakika kumi na tano, lakini mara nyingi tunatoka saa nne kasorobo. Mkurugenzi anakaa mbele, tunajieleza kwake mmoja mmoja: jana nilifanya hiki, leo nafanya kile. Mwenzetu wa Arusha mtandao unakatika, "mnanisikia? mnanisikia?", tunarudia. Ukisema umekwama, utaulizwa umekwama kwa nini, na hapo kikao kinageuka kesi. Matokeo yake siku hizi hakuna mtu anayekwama. Wote tunaendelea vizuri, mpaka Ijumaa.

Mkuu wa mauzo naye ana njia yake, WhatsApp. "Mdogo wangu, kuna kitu kidogo tu, Mwanza wanataka nembo yao kwenye ripoti." Kesho yake kingine. Havimo kwenye Jira, ila usipovifanya utasikia kwa Mkurugenzi kwamba huna ushirikiano. Mmiliki wa bidhaa anajua yote haya, lakini ni mpole, na mkuu wa mauzo anamzidi cheo.

Kuna suala la pointi, zile namba za kukisia ukubwa wa kila kazi. Kila mwisho wa mwezi linatoka jedwali: fulani pointi hizi, fulani hizi, na bonasi inafuata humo. Kaka mmoja mwenye uzoefu kuliko sisi wote, ninayemheshimu sana, siku hizi kila kazi anayoshika anaipa nane. Mimi sprinti iliyopita nilikuwa mkiani kwa sababu ya tiketi moja tu, yaani kazi moja kwenye Jira, ya pointi tatu. Ilikuwa ya kurekebisha kosa hili: mwanachama akirejesha mkopo kwa simu, kuna wakati mfumo unaandika malipo mara mbili na deni lake linapungua mara mbili. Msimbo niliumaliza kwa siku mbili. Baada ya hapo nikawa nasubiri kampuni ya simu itufungulie VPN, njia ya faragha ya mtandao, tuingie kwenye mazingira yao ya majaribio. Fomu zikaenda, zikarudi kwa kukosa mhuri, zikaenda tena. Sprinti ikaisha, tiketi haijaisha, nikapewa sifuri.

Kijana wa majaribio anapokea kazi za wote Alhamisi mchana, na Ijumaa ndiyo siku ya kuonyesha. Kwa hiyo Alhamisi huwa tunakesha ofisini, chipsi zinaagizwa, asubuhi tunaonyesha vitu ambavyo vikiguswa kidogo vinaanguka. Halafu tunajitathmini. Mkurugenzi anauliza, "Nani ana tatizo?" Kimya. Tunaandika "mawasiliano yaboreshwe", tunaondoka. Nadhani tumeshaliandika kila sprinti.

Sasa wiki iliyopita ameniita. Anataka niwe Skramu masta, yaani msimamizi wa utaratibu huu wa Skramu, huku naendelea na uprograma, kwa sababu naandika vizuri na naelewana na watu. (Mimi ndiye msichana pekee kati ya maprograma, na mihutasari ya vikao naandika mimi tangu siku ya kwanza.) Nyongeza ya mshahara hakuna. Atanipeleka kozi ya cheti, lakini gharama nitakatwa kidogo kidogo.

Nikubali, Shangazi? Au nitafute kazi kwingine? Na hivi, ajaili yenyewe ndiyo hii, au sisi ndio tumekosea?

Programa Mchovu,
Kijitonyama

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo jepesi. Hapana, sio hii. Februari 2001 watu 17 wa kazi yako hiyo hiyo walikutana Snowbird, Utah, kule Marekani, wakaandika tamko fupi lenye mambo manne wanayoyathamini na kanuni 12. Humo hamna ubao, hamna jedwali la pointi, hamna kikao cha kujieleza kwa bosi. Kanuni moja inasema kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Nyingine inasema wadhamini, watengenezaji na watumiaji wawe na mwendo wanaoweza kudumu nao bila kikomo. Kukesha kila Alhamisi ya pili siuoni kama mwendo wa kudumu nao. Skramu yenyewe ina mwongozo wake mfupi, walioutunga ni Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la sasa ni la Novemba 2020. Unasomeka kwa kikombe kimoja cha chai. Usome kabla hujaenda kwa Mkurugenzi, kwa sababu nina hakika semina yake haikumwambia kwamba kikao cha kila siku, kwa mujibu wa mwongozo huo huo, ni cha watengenezaji, ni cha dakika 15, na hakikuwekwa kwa ajili ya kutoa ripoti kwa mtu.

Lakini ukienda naye kwa mabishano ya kitabu kinasema nini, utashinda hoja na utashindwa kazini. Tuache kitabu, tuangalie ile tiketi yako ya pointi tatu. Ndani yake kuna ugonjwa wote wa timu yenu, na dawa nyingi pia.

Malipo yanajirudia kwa sababu ambayo wewe unaijua kuliko mimi: mtandao wa simu unatuma taarifa kwamba fulani amelipa, seva yenu inachelewa kuitikia, mtandao unaona huenda taarifa haikufika, unaituma tena. Huo ni utaratibu wao wa kawaida, wala si kosa la mtu. Kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, kwa hiyo kanzidata yenu inatakiwa ikatae namba ile ile kuingia mara ya pili. Naomba ukague hapo, maana watu wengi huishia kuandika msimbo unaouliza kwanza "namba hii ipo?" halafu ndiyo unaandika. Taarifa mbili zikigonga kwa nukta moja, zote zinauliza, zote zinajibiwa haipo, zote zinaingia. Katazo liwekwe kwenye jedwali lenyewe la kanzidata.

Sasa, ulihitaji VPN ya kampuni ya simu ili kujua kama hilo linafanya kazi? Hukuihitaji. Ungeandika seva ndogo ya kuigiza, inayotuma taarifa moja, kisha ile ile mara mbili, kisha mbili kwa pamoja, kisha moja iliyochelewa nusu saa. Kijana wa majaribio angeanza kazi siku ya tatu, sio Alhamisi ya mwisho. Kujaribu na kampuni ya simu yenyewe kungekuwa tiketi ya pili. Hiyo kwenye ubao ingekaa sehemu yake iliyoandikwa "Inangoja nje", ikiwa na tarehe iliyoanza kungoja, nani anangojwa, na nani kwenu anamfuatilia. Fomu iliyorudi kwa kukosa mhuri si kazi ya programa kuifuatilia, na wala si jambo la kufichwa chini ya jina lako ukionekana umelala.

Halafu kuna tiketi ya tatu ambayo hukuitaja, na naogopa hakuna aliyeitaja. Wale wanachama ambao deni lao limeshapungua mara mbili, vitabu vyao vitasawazishwa lini? Lazima mtu achukue taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, ailinganishe na ya kwenu, mstari kwa mstari, aone SACCOS gani imepungukiwa na kiasi gani. Kwenye timu yenu yupo mtu anayeweza kazi hiyo akiwa amefumba macho, naye ni mmiliki wa bidhaa, mhasibu wenu mpole. Mpe heshima hiyo. Atakapokuja na karatasi inayosema SACCOS fulani imepoteza kiasi fulani, na hela hiyo itadaiwa kwetu, hutamwona tena akiinama mbele ya mkuu wa mauzo.

Unaona nilipofika? Kazi iliyokupa sifuri ndiyo iliyokuwa inazuia hela za watu zisipotee, na nembo ya Mwanza ndiyo iliyopita mbele yake. Ubaya wenu haupo kwenye uvivu wa mtu. Kazi zinaingia kwenu kupitia kila simu na kila mlango, zote zinaanzwa, na kumalizia kunasogezwa mpaka Alhamisi. Mmekuwa fundi cherehani wa wiki ya mwisho ya Ramadhani: kila kitambaa anapokea, kila nguo ameikata, na usiku wa kuamkia Idi hakuna kanzu hata moja yenye kola.

Kwa hiyo kabla ya pointi, kabla ya vyeti, shughulikeni na hayo mawili, kuingia kwa kazi na kumalizika kwake.

Kuhusu kuingia. Mkuu wa mauzo akikuandikia, usimkatalie na usimfundishe Skramu. Mjibu hivi: "Sawa kaka, nimeipokea. Naipeleka kwa mmiliki wa bidhaa sasa hivi, ndiye atakayesema iingie lini na nini kitoke." Kisha ipeleke kweli, dakika hiyo hiyo, na iwekwe kadi kwenye ubao yenye rangi yake peke yake, tuseme ya machungwa. Fanyeni hivyo wote wanne, maana mmoja akiendelea kufanya kimyakimya, huyo ndiye atakayekuwa kijana mzuri na nyie wengine mtakuwa wakorofi. Hakuna haja ya kulalamika. Sprinti moja ikiisha, ubao utaongea: machungwa haya hapa, tulizopanga hizi hapa, na hizi ndizo zilizobaki kwa sababu ya zile. Mwongozo unasema mmiliki wa bidhaa ni mtu mmoja, si kamati, na taasisi nzima inapaswa kuheshimu uamuzi wake. Kwenu hilo bado ni ndoto, lakini rangi ya machungwa ni mahali pa kuanzia. Na mkuu wa mauzo si adui yako. Yeye ana lengo la mwezi, amemwahidi mtu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba ahadi yake ya nembo imechelewesha ahadi yake nyingine ya malipo.

Kuhusu kumalizika. Kijana wa majaribio ni mmoja na nyie mnaomletea ni wanne, hesabu hiyo haitakubali kamwe mkianza zote kwa pamoja. Kubalianeni kwamba sehemu ya "Majaribio" kwenye ubao haikai kadi zaidi ya mbili. Zikifika mbili, programa aliyemaliza haruhusiwi kufungua kadi mpya, anakwenda kumsaidia kijana kujaribu, ila sio kazi aliyoiandika mwenyewe. Siku za mwanzo mtaona kama mnapoteza muda. Kaka mkubwa atanung'unika kwamba yeye hakuajiriwa kubofya vitufe. Mwache anung'unike huku anabofya. Baada ya muda mtaanza kukata kazi vipande vidogo ili zisikwame hapo, na hilo ndilo hasa linalotafutwa. Utaratibu huu wa kuweka kikomo kwa kazi zinazoendelea unaitwa Kanban, asili yake ni viwanda vya Toyota, na haugombani na Skramu. Ila usimtangazie Mkurugenzi jina jipya, asije akaenda semina nyingine.

Kikao cha asubuhi kinatibika kwa kubadili namna ya kukiendesha, bila kumgusa mtu. Acheni kuzunguka mtu kwa mtu. Anzeni na ubao, upande wa kulia kabisa, kadi iliyo karibu na kwisha kuliko zote: inahitaji nini ili leo itoke? Mkimaliza hiyo, inayofuata, mrudi hivyo hivyo kuelekea kushoto. Dakika kumi na tano zikiisha mkiwa hamjafika kadi za kushoto, hamna hasara, hizo bado hazijaiva. Mazungumzo yakiwa juu ya kadi, mtu hana sababu ya kujitetea, na neno "nimekwama" linageuka "kadi hii imekwama", ambalo kwenye ofisi zetu lina tofauti kubwa kuliko anavyodhani mtu wa nje. Mwenzenu wa Arusha aandike hali ya kadi zake kwenye kundi dakika kumi kabla ya saa tatu. Mtandao ukikatika, mtu anamsomea, kikao kinaendelea.

Kwenye pointi nitasema kidogo kwa sababu huwezi kuziondoa wewe. Mwongozo wa Skramu hauzitaji kabisa. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 wa Utah, alishaandika kwamba huenda yeye ndiye aliyezibuni, na kama ni yeye basi anajuta. Zilikuwa za timu kukisia kwa pamoja kazi ni kubwa kiasi gani. Zikishafungwa kwenye bonasi, kila mwenye akili atazipandisha, na kaka yako ana akili. Usimkasirikie. Ameelewa mchezo mapema kuliko wewe, basi. Unachoweza kufanya ni kumpa Mkurugenzi namba bora ya kuangalia: kila kadi ilianza lini na mteja alianza kuitumia lini. Siku ngapi. Jira inazo tarehe hizo tayari. Namba hiyo ni ya kadi wala si ya mtu, na inamjibu swali analoulizwa kila siku na wateja. Anayepewa namba inayomsaidia, ile isiyomsaidia huwa anaisahau mwenyewe.

Sasa nani ampelekee? Hapa nataka unisikilize vizuri. Usiende peke yako, na usilisemee kwenye kikao mbele za watu. Wewe ni mdogo, na bosi aliyekosolewa hadharani na mdogo wake hasikii hoja, anasikia dharau. Mwendee kwanza yule kaka mkubwa. Muombe ushauri, na usianze na suala la pointi zake nane. Mwambie kesha za Alhamisi zinawamaliza na unaona aibu kuonyesha vitu vinavyoanguka, na ninaamini hata yeye anaona aibu hiyo hiyo. Kisha yeye na mmiliki wa bidhaa waende kwa Mkurugenzi na karatasi moja tu: kadi za machungwa za sprinti moja, siku ambazo kadi zimekaa zikingoja majaribio, siku ambazo zimengoja nje, na hela za SACCOS zilizohesabiwa mara mbili. Ombi liwe dogo na lenye mwisho: kwa sprinti mbili, Mkurugenzi asihudhurie kikao cha asubuhi wala cha kujitathmini, na badala yake kila siku saa tatu na nusu apate ujumbe mfupi wa kilichotoka na kilichokwama. Apewe pia sababu ya kuja Ijumaa kwenye maonyesho, tena na mteja mmoja ikiwezekana. Pale ndipo mahali pake, na pale macho yake yana faida.

Akikubali, kikao cha kwanza cha kujitathmini bila yeye msitegemee watu watafunguka ghafla. Ukimya mkishauzoea hauondoki kwa sababu kiti kimoja kiko wazi. Kila mtu aandike kwenye karatasi kimya kimya kwanza, zikunjwe, zichanganywe, zisomwe na mtu mwingine. Mchague jambo moja, lenye mtu na lenye siku. "Mawasiliano yaboreshwe" hata mkiliandika mpaka mwakani halina wa kulifanya. "Kadi za majaribio zisizidi mbili, anayesimamia ni fulani, tunaanza Jumatatu" linaweza kufanywa, na likishindikana mtajua.

Turudi kwenye cheo ulichopewa. Uliweka kwenye mabano kwamba wewe ndiye msichana pekee kati ya maprograma na kwamba mihutasari yote unaandika wewe. Mabano hayo nimeyasoma mara kadhaa. Kuna kazi kwenye timu ambazo hazina pointi, hazimo kwenye bonasi, na kwa namna fulani huwa zinamwangukia binti: kuandika, kukumbusha, kupatanisha, kuagiza chipsi. Sisemi Mkurugenzi ana nia mbaya, pengine anakusifu kweli. Lakini ukikubali kama ulivyoelezwa, bila nyongeza, bila kupunguziwa uprograma na bila uwezo wa kumwambia mtu yeyote hapana, utakuwa karani wa vikao mwenye tiketi nusu, na mwisho wa mwezi utakuwa mkiani tena kwenye lile jedwali.

Usikatae lakini. Sema, "Ahsante bosi, nimeheshimika. Naomba tujaribu sprinti tatu, na kwa hizo tatu nibebe nusu ya kazi za uprograma ninazobeba sasa, nitolewe kwenye jedwali la pointi, na mihutasari tuandike kwa zamu." Ongeza la nne, ambalo ndilo kubwa: kazi inayoingia katikati ya sprinti ipitie kwa mmiliki wa bidhaa, na mkuu wa mauzo aambiwe hivyo na Mkurugenzi mwenyewe, sio na wewe. Akikubali hilo la nne hata akikunyima mengine, ijaribu. Akikataa hilo la nne na kukupa mengine yote, kikatae cheo kwa adabu, kwa sababu atakuwa amekupa jina tu. Kuondoka kazini bado ni mapema. Ombi lenyewe hamjawahi kulipeleka, na bosi aliyetumia hela yake kuleta utaratibu mpya si lazima awe bosi asiyesikia. Yakipita hayo yote na Alhamisi bado mnakesha, hapo nitakuelewa ukianza kutuma CV.

Kwenye kukesha huko, ujue tu sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Wanaofanya kazi ya uongozi wana utaratibu tofauti, ila wewe sio kiongozi, angalau bado. Sikuambii ukaipeleke ofisini kesho ukiwa umeipigia mstari. Mwambie mhasibu wenu ahesabu saa za Alhamisi aziweke kwenye ile karatasi pamoja na mengine. Wahasibu wanajua kuandika jambo kama hilo bila kumtisha mtu.

Na cheti. Kama unakitaka kwa faida yako, ujue mtihani wa ngazi ya kwanza wa Scrum.org, taasisi mojawapo inayotoa vyeti vya Skramu, hauhitaji kozi: unasoma ule mwongozo, unajipima kwa maswali yao ya bure mtandaoni, unalipia mtihani wenyewe, maswali 80 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 85. Scrum Alliance, taasisi nyingine ya vyeti hivyo, wao wanataka upite kwenye kozi kwanza, na kozi ndiyo ghali. Ikiwa kampuni ndiyo inayotaka uwe nacho, kampuni ndiyo ilipie. Sheria hiyo hiyo ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara wako kwa deni la namna hii mpaka wewe mwenyewe ukubali kwa maandishi, kwa hiyo ukiletewa karatasi ya makato ili uisaini, usiisaini hapo hapo, sema unaomba kwenda nayo nyumbani ukaisome, halafu niandikie.

Shangazi